Daktari wa Mifugo na Mashine ya Kuandika Kumbukumbu
(Maandishi ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wafugaji)



Katika vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, herufi A.I. zimejulikana kwa miaka mingi kwa maana ya uhamilishaji. Mwanachama akizisikia hukumbuka mrija na mtungi wa mbegu zilizogandishwa. Siku hizi herufi hizo hizo zimepewa kazi ya pili, nayo ni ile mitambo ya kompyuta iitwayo akili unde, au akili mnemba kama wengine wapendavyo kuiita. Mazungumzo haya yanahusu kazi moja tu ya mitambo hiyo, yaani kumwandikia daktari wa mifugo kumbukumbu za matibabu.

Mfugaji humwona daktari akiwa zizini, mkono kwenye kiwele, kipimajoto mkiani. Asichokiona ni yale yanayofuata usiku. Kwa kila mnyama aliyetibiwa hapana budi kuandikwa alivyoeleza mwenye mnyama, aliyoyaona daktari, ugonjwa anaoushuku, na dawa alizotoa pamoja na maagizo yake. Mpango huu wa sehemu nne umetokana na mapendekezo ya Daktari Lawrence Weed wa Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1968 kwa ajili ya hospitali za binadamu, na waganga wa wanyama wakaufuata. Ni mpango mzuri. Lakini daktari aliyetibu wanyama ishirini mchana anazo kumbukumbu ishirini zinazomngoja baada ya chakula cha jioni, na kesho yake wapo wengine.

Uchovu utokao katika kazi ya namna hii ulipewa jina la kitaalamu mwaka 1974 na Herbert Freudenberger, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaueleza kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kwamba kazi haizai matunda. Kwa waganga wa wanyama jambo hili si dogo. Uchunguzi wa vifo vya madaktari wa mifugo wa Marekani kuanzia 1979 hadi 2015, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba uwiano wa vifo vya kujiua miongoni mwa wanaume wa kazi hiyo ulikuwa mara 2.1 ya ule wa raia kwa jumla, na miongoni mwa wanawake mara 3.5. Haitakuwa haki kuitwika kalamu lawama yote hiyo. Yako madeni ya masomo, miito ya usiku, ugomvi wa malipo, na ile kazi nzito ya kumwua mnyama asiyepona. Hata hivyo uandishi ni mzigo unaoweza kutuliwa bila kumpunguzia mnyama huduma.

Mashine hufanya kazi hivi. Simu au kinasa sauti husikiliza mazungumzo ya daktari na mwenye mnyama. Programu moja huyageuza kuwa maandishi, na nyingine huyapanga katika zile sehemu nne. Daktari husoma, husahihisha, kisha hutia sahihi. Kwa madaktari wa binadamu matokeo ya kwanza yanatia moyo. Kundi la madaktari wa Permanente huko California lilianza mwaka 2023, na katika majuma 10 madaktari 3,442 waliitumia katika mahudhurio 303,266 ya wagonjwa. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2025, wa wahudumu 263 katika mifumo sita ya afya, ulionyesha kwamba waliokuwa na dalili za uchovu huu walipungua kutoka asilimia 51.9 hadi 38.8 baada ya siku 30. Mkaguzi wa hesabu angeuliza mara moja: je, palikuwa na kundi la kulinganisha? Halikuwapo. Na siku 30 ni chache. Kila jembe jipya hulima vizuri mwezi wa kwanza.

Sasa tofauti ya zizi na hospitali. Ng'ombe hasemi, na mashine huandika kilichotamkwa tu. Uvimbe ambao vidole vya daktari vimeukuta chini ya kiwele, asipoutaja kwa sauti, hautaonekana katika kumbukumbu. Kwa hiyo daktari atumiaye mashine hana budi kujizoeza kusema anachokishika, na mfugaji asishangae kumsikia akizungumza peke yake.

Lipo kosa jingine lililo baya zaidi. Uchunguzi wa mwaka 2024 juu ya programu ya Whisper, ambayo hugeuza sauti kuwa maandishi, ulikuta kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vilivyojaribiwa programu iliongeza maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Karani wa namna hiyo angefukuzwa katika chama chochote.

Tena Kiswahili kina hatari zake. Mfugaji akisema ng'ombe ameonyesha joto saa moja asubuhi, mashine iliyozoea saa za Kizungu yaweza kuandika saa ambayo watu wote wamelala, na hesabu ya kumhamilisha jioni ikaharibika kwa saa 6. Vilevile maneno "tatu" na "tano" husikika karibu sawa penye kelele za ndoo na ndama. Tuseme ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele ametiwa dawa ambayo pakiti yake yaagiza maziwa yazuiwe siku tano, nayo mashine ikaandika tatu. Siku ya nne maziwa yale yanaingia katika tangi la chama. Mfugaji hana kosa, alifuata karatasi. Lakini tangi zima, la wanachama pengine mia, laweza kukataliwa kiwandani, kwa kuwa mabaki ya dawa hudhuru walaji na huzuia maziwa yasigande kuwa mtindi.

Kwa sababu hiyo chama kitakachomkubalia daktari wake mashine hii kitake mambo machache yaandikwe katika mapatano. Kumbukumbu isomwe na kutiwa sahihi siku ile ile, daktari angali akikumbuka zizi. Kipimo cha dawa na siku za kuzuia maziwa viandikwe kwa mkono wake mwenyewe katika kadi ya ng'ombe, kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi inavyoandikwa. Mfugaji aombwe ridhaa kabla sauti yake haijanaswa. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo yake ya 2019. Ijulikane pia sauti hizo zinahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuzisikiliza.

Linabaki suala la saa zitakazookolewa, na hapa ndipo halmashauri nyingi zitajaribiwa. Daktari akipata nafasi ya saa mbili kila jioni, mwekahazina ataona mara moja kwamba saa hizo zatosha ng'ombe sita zaidi. Ikiwa ndivyo itakavyokuwa, chama kitakuwa kimenunua mashine ya kuongeza ng'ombe, na daktari atarudi nyumbani saa ile ile aliyokuwa akirudi zamani, tena amechoka zaidi. Idadi ya wanyama kwa siku iandikwe katika mapatano kabla mashine haijawashwa, na baada ya miezi sita daktari aitwe mbele ya halmashauri aulizwe analala saa ngapi.