Sadaka Isiyosahau Wazazi



Leo, siku ya yubile, tumeleta matoleo mengi altareni. Lakini Injili ya Marko, sura ya 7, yatuonya: Yezu aliwalaumu watu walioweka mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka ya Mungu, kusudi wasiwasaidie baba na mama zao.

Nasi tulikosa vilevile. Mama yetu mzazi, aliyetufundisha sala, alianza kusahau majina yetu. Usiku aliamka, akazunguka uani akisema peke yake. Watu walinong'ona neno la uchawi. Na sisi watoto wake, twaungama, tulinyamaza. Mwuguzi mmoja ndiye aliyetufumbua macho: ule ni ugonjwa wa ubongo, nao huwapata wazee wengi.

Tangu hapo twapokezana. Mmoja humwogesha, mwingine humlisha uji polepole, mwingine hulala karibu naye. Akiuliza neno moja mara kumi, twamjibu mara kumi, bila kumgombeza. Hajapona. Lakini tukianza Salamu Maria, midomo yake huitika mpaka mwisho.

Ndugu, twawasihi: mzee yeyote asiitwe mchawi kwa sababu ya kusahau. Jumuiya imtembelee, na watoto wasimwachie binti mmoja mzigo wote. Na leo, karamu yetu isianze kabla chakula cha wazee hakijawafikia nyumbani. Walitubeba mgongoni, sasa ni zamu yetu.

Mungu awabariki.