MAUMIVU YA MGONGO NA KAZI YA UKARANI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya maumivu yasiyoisha, nami nakubali kwa kuwa mgongo wangu wanitaabisha huu mwaka wa sita. Madaktari huyaita sugu maumivu yapitayo miezi mitatu. Basi hesabuni wenyewe.

Tusidhani ya kuwa ni maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno.

Zamani hata madaktari waliamuru mgonjwa alale kitandani mpaka apone. Leo washauri kinyume, maana kulala sana hudhoofisha misuli. Kwa hiyo mimi husimama kila nusu saa, hupeleka majalada kwa miguu yangu mwenyewe (naye tarishi hajakasirika), na barua ndefu huzisoma nimesimama penye kabati. Lakini mtu apatwaye na ganzi mapajani kwa ndani, au ashindwaye kuzuia mkojo, asingoje. Aende hospitali siku ile ile.

Sasa nije kwenye neno gumu, nalo ni kumwambia mkubwa wa ofisi. Wengi wetu huficha, kwa kuhofu kuitwa wavivu, kwa sababu maumivu haya hayana jeraha la kuonyesha. Mkubwa wangu mmoja wa zamani aliniuliza mbele ya watu kama mgongo wangu huuma hata siku ya mshahara. Walicheka. Hata hivyo nashauri tuseme, tena kwa maandishi, pamoja na cheti cha daktari. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu mshahara; wala mwajiri halazimiki kulipa asipoletewa cheti. Afichaye, siku atakayoshindwa kuinuka, ataandikwa mtoro.

Lakini siku hizo huisha upesi kwa mwenye maradhi ya miaka. Kwa hiyo barua yangu haikuomba mapumziko. Iliomba kiti chenye egemeo, na ruhusa ya kusimama kati ya kazi. Ruhusa ilikuja siku ile ile. Kiti kilichukua miezi minne.

Nakala za kifungu cha 32 cha sheria hiyo anazo Bwana Mwandishi, kwa mwanachama yeyote azitakaye.