Mlango Mmoja wa Soko: Maduka ya Programu za Simu na Haki ya Mnyonge

Mada iliyotolewa kwa viongozi walei, Kidugala



Yawezekana baadhi yenu mmeshangaa kusikia kwamba Kamati ya Haki na Amani imechagua kuzungumzia maduka ya programu za simu. Tumezoea kusema juu ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane na mishahara ya vibarua. Lakini haki haina budi kufuata mahali watu wanapouza na kununua, na siku hizi watu wengi wanauza na kununua ndani ya simu. Ndiyo sababu tumeona yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini.

1. Mfano wa njia panda

Sisi tunaoishi kati ya Njombe na Makambako hatuhitaji kufundishwa maana ya njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana pale Makambako na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapo hapo. Sehemu kubwa ya viazi, mbao, chai na parachichi za milima yetu hupita pale.

Basi tuchukulie kwamba njia panda hiyo imekuwa mali ya mtu mmoja, naye ameweka kizuizi. Katika kila magunia 10 ya viazi yanayopita, yeye anachukua 3. Tena mtu huyo analima viazi vyake mwenyewe, na magunia yake hayatozwi kitu. Isitoshe, amewakataza wakulima kuwaambia wanunuzi kwamba shambani bei ni nafuu. Mkulima akilalamika hujibiwa, "Kama hutaki, tafuta barabara nyingine," hali wote wawili wanajua kwamba nyingine haipo.

Kwa upande wa viazi, habari hii ni ya kutunga. Kwa upande wa simu ni mambo yanayotendeka.

2. Soko lililo mfukoni

Programu ni kitu kile kinachoiwezesha simu kufanya kazi fulani: kutuma picha, kusoma kitabu, kufundisha hesabu, kucheza muziki. Karibu simu zote za kisasa zinaendeshwa na mifumo miwili tu. Mmoja ni wa kampuni ya Apple, mwingine ni Android wa kampuni ya Google. Apple ilifungua duka lake la programu Julai 2008, na Google ikafungua la kwake Oktoba mwaka huo huo. Katika simu ya Apple, isipokuwa katika baadhi ya nchi ambako sheria imelazimisha vingine, hakuna mlango mwingine wa kuingizia programu. Katika simu ya Android milango mingine inaruhusiwa, lakini duka la Google huja tayari ndani ya simu nyingi, na mtu ajaribuye kupita penginepo hukutana na maonyo yanayomtia hofu.

Tangu mwanzo kipimo cha tozo kilikuwa asilimia 30 ya mauzo. Mwaka 2021 kampuni zote mbili zilikishusha hadi asilimia 15 kwa wauzaji ambao mapato yao hayazidi dola milioni 1 kwa mwaka, lakini kile cha asilimia 30 kiliendelea kuwatoza wakubwa kwa miaka mingi. Sisi Wakristo tunajua zaka kuwa sehemu moja ya kumi. Hapa mwenye duka amejitwalia zaka tatu, na ya Mungu bado haijatolewa.

Tuwe waangalifu tusiseme yasiyo ya kweli. Mtu anayeuza viazi au nguo kwa njia ya programu hatozwi zaka hizo, kwa maana tozo ni juu ya vitu vinavyotumika ndani ya simu yenyewe: masomo, vitabu, muziki, michezo. Lakini hivyo hasa ndivyo kijana wetu wa Njombe anavyoweza kuvitengeneza bila mtaji mkubwa. Akiandaa masomo ya hisabati ya kidato cha nne na kuyauza dukani humo kwa shilingi 1,000, mwenye duka huchukua shilingi 150 kabla kijana hajalipia umeme. Akifanikiwa sana na kuwa mkubwa, zaweza kufika 300. Kabla ya yote hayo amekwisha kulipa dola 25 za kujiandikisha kwa Google, au dola 99 kila mwaka kwa Apple.

3. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Kampuni hizi nazo zina utetezi wao, na haki inatudai tuusikilize. Zinasema: sisi ndio tuliolijenga soko, tunalifagia, tunakagua kila bidhaa, na tunawazuia wezi wasiingize programu za kuiba namba za siri. Utetezi huu una ukweli ndani yake. Wengi wetu tunawafahamu watu walioibiwa fedha kwa njia ya simu, na hakuna mwenye akili anayetaka soko lisilo na mlinzi.

Lakini mlinzi wa soko anastahili ujira wa ulinzi. Hastahili kuwa mwenye soko, mfanyabiashara, mtoza ushuru na hakimu wa kesi zake mwenyewe kwa wakati mmoja. Wala ulinzi hauhitaji muuzaji azibwe mdomo. Mchuuzi akimwambia mteja wake, "Njoo nyumbani kwangu, utapata kwa bei nafuu," ameiba nini? Ukubwa peke yake si dhambi. Tunachokilaumu ni ukubwa unaotumika kuwafungia wengine mlango.

4. Tuliyoyaona nyumbani

Msidhani kwamba mambo haya yako mbali nasi. Mnakumbuka jinsi huduma za fedha kwa simu zilivyoanza nchini mwetu mwaka 2008. Kwa miaka kadhaa kila mtandao ulikuwa kama kisiwa. Aliyetumiwa fedha kutoka mtandao mwingine hakuziona katika simu yake kama fedha. Alipewa namba ya siri, akaenda kuzitoa kwa wakala wa mtandao uliotuma. Wengi walilazimika kuwa na laini mbili au tatu.

Mwaka 2014 Airtel, Tigo (ambayo tangu 2024 inaitwa Yas) na Zantel walikubaliana kufunguliana milango, na mwaka 2016 Vodacom nao wakaingia. Benki Kuu ya Tanzania iliunga mkono mapatano hayo. Je, mitandao ilikufa? La. Leo mama aliye Kidugala hutuma fedha kwa mwanawe aliye Dar es Salaam bila kuuliza ana laini gani.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Huko kampuni ya Safaricom ilikuwa imewafunga mawakala wa M-Pesa kwa sharti la kutohudumia mtandao mwingine. Airtel ililalamika mbele ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na mwaka 2014 sharti hilo likaondolewa. Katika nchi moja mlango ulifunguliwa kwa mapatano, katika nyingine kwa msukumo wa chombo cha sheria. Yote mawili yanatufundisha kwamba ukiritimba haukuandikwa mbinguni.

5. Mahakama na serikali zimesema nini

Mwezi Agosti 2020 kampuni ya michezo ya Epic Games iliwashtaki Apple na Google katika mahakama ya Marekani. Hiyo nayo ni kampuni kubwa, wala hatuwezi kuiita mnyonge. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Hata hivyo safari hii nyasi zimeanza kupata nafuu kidogo.

Septemba 2021 hakimu alikataa madai mengi dhidi ya Apple, lakini aliiamuru iache kuwazuia wauzaji kuwaonyesha wateja njia nyingine ya kulipa. Apple ilifungua njia hiyo Januari 2024, kisha ikaweka juu yake tozo ya asilimia 27. Tarehe 30 Aprili 2025 hakimu huyo huyo alitamka kwamba kampuni hiyo imeikaidi amri yake. Kuhusu Google, Desemba 2023 baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco liliamua kwamba duka lake ni ukiritimba uliovunja sheria, na Julai 2025 mahakama ya rufaa ikakubaliana nalo.

Nchi nyingine hazikungoja kesi za wakubwa. Korea Kusini ilitunga sheria mwaka 2021 ya kuyakataza maduka hayo kuwalazimisha wauzaji kutumia njia moja tu ya malipo. Umoja wa Ulaya ulianza kuzibana kampuni kubwa kwa sheria mpya Machi 2024, na Aprili 2025 uliitoza Apple faini ya Euro milioni 500. Hata barani kwetu, Julai 2023 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilimaliza uchunguzi wake juu ya masoko ya intaneti, ikataka maduka hayo yaache kuwaziba midomo wauzaji.

Na sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Sheria hiyo iliunda Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani, na inakataza mwenye nguvu katika soko kuitumia vibaya nguvu hiyo. Ilitungwa miaka 5 kabla maduka haya hayajafunguliwa, lakini kanuni yake haijachakaa: soko ni la wote.

6. Mafundisho ya Kanisa

Mwaka 1890 Marekani ilitunga sheria yake ya kwanza ya taifa zima dhidi ya ukiritimba. Mwaka uliofuata, 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum kuhusu haki za wafanyakazi. Kizazi kile kilikuwa kinakabiliwa na viwanda na reli vilivyokuwa mikononi mwa wachache. Mwaka 1931 Papa Pius XI alionya katika Quadragesimo Anno juu ya nguvu za uchumi kukusanyika mikononi mwa watu wachache. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika namba 48 ya Centesimus Annus ya mwaka 1991, alifundisha kwamba serikali ina haki ya kuingilia kati pale ukiritimba unapozuia maendeleo. Papa Leo XIV alipochaguliwa Mei 2025 alieleza kwamba alitwaa jina hilo akimkumbuka Leo XIII, kwa sababu wakati wetu nao una mapinduzi yake ya mitambo.

Kanisa halifundishi kwamba serikali imiliki kila kitu. Wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo mahindi yalikuwa na mnunuzi mmoja halali, nao wanajua kwamba ukiritimba wa umma nao una machungu yake. Kanuni ya auni inasema kwamba lile ambalo watu wadogo wanaweza kulifanya wenyewe, wakubwa wasilipokonye. Kanuni ya mshikamano inasema kwamba mdogo asiachwe peke yake mbele ya mkubwa. Kanuni zote mbili zinahitajika.

Tulitazame gunia la lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza. Lumbesa haidumu kwa sababu mkulima hajui kuhesabu. Inadumu kwa sababu mnunuzi ni mmoja, viazi vinaoza, na ada ya shule inangojewa. Vivyo hivyo kijana mwenye programu hakubali tozo kwa kuwa ameipenda. Anaikubali kwa kuwa mlango ni mmoja. Makubaliano ya mtu asiye na njia nyingine si makubaliano kamili, na hilo Kanisa limelisema juu ya mishahara tangu mwaka 1891.

7. Yatupasayo kufanya

Kwanza, tujifunze. Viongozi wa jumuiya wawaeleze watu kwamba simu ni soko, na soko lina sheria.

Pili, tuwasaidie vijana wetu wanaobuni programu. Shule, parokia na vyama vya ushirika vinapohitaji programu viwaulize vijana wa hapa kwanza, na inapowezekana viwalipe moja kwa moja kwa njia za fedha za simu tulizo nazo.

Tatu, tusidanganyike kwamba kila mlango wa pembeni ni salama. Wezi wapo. Tudai milango mingi yenye walinzi waaminifu, wala si soko lisilo na mlinzi.

Nne, tutumie vyombo vyetu. Anayedhulumiwa sokoni apeleke malalamiko kwa Tume ya Ushindani, kwa maandishi, pamoja na risiti na tarehe. Malalamiko ya barazani hayafunguliwi jalada. Tena tuwaulize wabunge wetu wanapokuja: sheria yetu ya mwaka 2003 inamlindaje kijana wa mwaka huu?

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

Katika mazingira yetu, ni wapi ambapo mnunuzi au muuzaji ni mmoja tu? Nani anaumia?

Tofauti kati ya ujira halali wa mlinzi na unyang'anyi ni ipi?

Ni vijana gani katika parokia yetu wana kipaji cha kutengeneza programu, nasi tumewasaidia kwa lipi?

Ndugu wapendwa, hatutayashinda makampuni ya ng'ambo kwa semina ya siku moja. Lakini miaka kumi na michache iliyopita wengi waliamini kwamba fedha za mtandao mmoja haziwezi kamwe kuingia mtandao mwingine, na leo mtoto anazituma. Mlango ule ulifunguliwa kwa sababu walikuwapo watu waliokaa mezani na kuudai. Tunawaomba mlipeleke jambo hili katika jumuiya zenu juma hili hili, kabla karatasi hii haijasahauliwa kabatini.