Kujiandaa Kihisia na Kivitendo kwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mada kwa Wakazi wa Mtwara na Pwani ya Mlango wa Mto Ruvuma

1. Upasuaji na kinachobadilika mwilini

Upasuaji wa kupunguza uzito hubadilisha umbile la tumbo, na wakati mwingine njia ya chakula, ili mtu ashibe kwa chakula kidogo na njaa yake ipungue. Aina zinazofanywa zaidi duniani ni mbili. Katika ya kwanza, robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula hukatwa na kuondolewa, na kinachobaki huwa chembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, hivyo hamu ya kula hupungua pamoja na nafasi ya chakula. Katika ya pili, kifuko kidogo chenye ujazo wa mililita 30 hivi hutengwa juu ya tumbo na kuunganishwa na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Zote mbili hufanywa zaidi kupitia matundu madogo, mgonjwa akiwa usingizini. Puto ni huduma tofauti, wala si upasuaji: huingizwa kupitia kinywani, hujazwa maji ya chumvi, na huondolewa baada ya miezi 6 au mwaka kutegemea aina yake.

Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila jijini Dar es Salaam, imekuwa ikitoa huduma ya puto na ya upasuaji huu katika miaka ya karibuni. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560. Umbali huo ndio unaoyapa maandalizi ya mkazi wa kusini sura yake. Hospitali hukaa na mgonjwa siku chache. Miaka yote inayofuata ataishi Chikongola, Mikindani, Msimbati au Mahurunga, kwenye jiko lilelile na sinia lilelile. Tumbo hubadilishwa kwa saa chache, lakini nyumba haibadiliki mpaka wenyewe waibadilishe, na kazi hiyo huanza kabla ya safari.

2. Anayefaa na anayepaswa kusubiri

Kipimo cha kuanzia ni uwiano wa uzito na urefu: kilo zinagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 103 ana uwiano wa 40. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991 ulitaka uwiano wa 40, au 35 kwa mwenye magonjwa yanayoambatana na unene. Mwaka 2022 chama cha Marekani na shirikisho la kimataifa la madaktari wa upasuaji huu walishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari au matatizo yanayofanana nacho.

Wanaohusika si wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au kiribatumbo, kutoka asilimia 11 mwaka 1991-92. Wengi wao hawahitaji kisu. Wanahitaji kubadili chakula, kutembea zaidi na kutibiwa mapema. Upasuaji huja pale njia hizo zilipojaribiwa kwa dhati na unene ukaendelea kuharibu afya. Mjamzito husubiri. Husubiri pia mwenye ulevi au msongo mkubwa wa mawazo usiotibiwa, mpaka atibiwe.

3. Maandalizi ya moyo

Pwani ya kusini mwili mnene una heshima yake. Mwali anayetolewa unyagoni akiwa amenawiri husifiwa, na mke aliyenenepa baada ya ndoa huhesabiwa kuwa ametunzwa. Kukonda, kwa upande mwingine, kulihusishwa na ukimwi kwa miaka mingi, na minong'ono hiyo haijafutika. Mtu atakayepungua kilo nyingi ndani ya mwaka mmoja ataulizwa sokoni kama anaumwa, na nyuma yake yatasemwa makubwa zaidi. Ni vema aamue mapema nani ataambiwa ukweli wote, nani ataambiwa nusu yake, na jibu gani fupi litawatosha wengine. Kwa mwenye kisukari, kusema tu kwamba anatibiwa ugonjwa huo na anafuata masharti ya daktari ni jibu la kweli, na halimlazimishi kufungua siri yake.

Jambo la pili ni kuelewa sababu za kula. Wapo wanaokula kwa njaa, na wapo wanaokula kwa upweke, hasira, msiba au uchovu wa kulea. Upasuaji hupunguza njaa ya mwili tu. Daftari dogo linaloandikwa kwa wiki chache, likionyesha saa, chakula na hali ya moyo wakati huo, humsaidia mtu na mshauri wake kuona mahali kidonda kilipo. Aliyezoea kula kwa siri mpaka ashindwe kujizuia anapaswa kulisema hilo wazi kwa mtaalamu wa afya ya akili. Tabia hiyo hutibika, lakini ikifichwa hurudi baada ya upasuaji. Baadhi ya watu hubadilisha kimbilio, na pombe ikachukua nafasi ya chakula. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyeunganishiwa utumbo, kwa sababu pombe huingia kwenye damu haraka. Uraka na nipa za msimu wa mabibo si za mtu huyu.

Jambo la tatu ni matarajio. Uzito hushuka kwa kasi miezi ya mwanzo, kisha kasi hupungua, na sehemu ya kilo inaweza kurudi miaka ya baadaye. Ngozi hulegea. Nywele hunyonyoka kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, ingawa kwa kawaida huota tena. Mwanamke aliyeambiwa hayo mapema huyapokea kama sehemu ya tiba. Asiyeambiwa hudhani ameharibiwa. Ndoa yenye ugomvi haiponywi kwa kupungua, na aliyekuwa na huzuni ndefu anaweza kubaki nayo akiwa mwembamba.

Jambo la nne ni msaidizi. Mila ya unyago inamfahamu somo, mtu anayekabidhiwa siri na kumwongoza mwali. Anayejiandaa kwa upasuaji anahitaji mtu wa namna hiyo: anayejua ratiba ya dawa, anayemtetea mezani, na anayeona mapema kuwa mwenzake ameacha kucheka. Mume au mke ashirikishwe tangu kliniki ya kwanza, maana chakula kinachoachwa kwenye sahani kila siku huweza kusomeka kama dharau kwa aliyepika.

4. Maandalizi ya mwili

Uchunguzi wa awali hupima damu, sukari, shinikizo la damu, moyo, ini na figo, pamoja na upungufu wa madini ya chuma na vitamini. Tumbo huweza kuangaliwa kwa kamera, na bakteria wa vidonda vya tumbo hutibiwa wakipatikana. Anayekoroma sana na kukatikiwa na pumzi usingizini alieleze hilo kwa daktari wa usingizi, kwani lina uzito mkubwa siku ya upasuaji. Dawa zote zitajwe, zikiwemo za miti shamba, kwa sababu baadhi huzuia damu kuganda au hushusha sukari. Mwenye kisukari hupangiwa upya dozi zake. Asijipunguzie mwenyewe.

Sigara huachwa wiki kadhaa kabla, maana huchelewesha kupona kwa mshono na huongeza hatari ya vidonda. Madaktari wengi hutoa pia mlo maalumu wa wiki mbili wenye wanga na mafuta kidogo. Lengo lake ni kusinyaza ini, ambalo kwa mtu mnene hujaa mafuta na kumzibia mpasuaji njia. Anayekula karamu ya kuaga chakula katika wiki hizo huongeza hatari yake mwenyewe.

Kwa wanawake, uzazi wa mpango ni sehemu ya maandalizi. Kupungua uzito huamsha uwezo wa kushika mimba hata kwa aliyekaa miaka bila mtoto, lakini mimba inashauriwa isubiri miezi 12 hadi 18, mpaka mwili utulie. Vidonge huweza kufyonzwa vibaya kwa aliyeunganishiwa utumbo. Kipandikizi au kitanzi ni salama zaidi kwake.

5. Fedha, msimu na safari

Gharama haziishii kwenye chumba cha upasuaji. Kuna vipimo, nauli za watu wawili, malazi, vitamini za maisha yote na safari za kliniki. Mwenye bima aulize mapema, na kupata jibu kwa maandishi, nini kinalipwa na nini hakilipwi. Familia nyingi za mkoa hupata fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, baada ya minada ya korosho inayoanza Oktoba. Fungu la vitamini na kliniki la mwaka mzima litengwe siku fedha zinapoingia, kabla ya kununua bati na pikipiki.

Msimu una maana nyingine pia. Mvua za kusini huanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili au Mei, na barabara ya Lindi imewahi kukatika, kama ilivyotokea wakati wa kimbunga Hidaya Mei 2024. Tarehe ya kiangazi humwezesha mgonjwa kurudi kliniki bila kukwama njiani. Mkulima akumbuke kwamba hataruhusiwa kubeba mzigo mzito kwa wiki nne hadi sita. Gunia la korosho, ndoo ya maji na mashua ya kuvutwa ufukweni vitafutiwe mikono mingine.

Wakazi wengi wa kusini wana ndugu Mbagala, na mabasi ya Mtwara huingia jijini kwa upande huo. Mloganzila iko upande wa pili, karibu na Kibamba kwenye barabara ya Morogoro. Mgonjwa aliyetoka kushonwa hahitaji foleni za kuvuka jiji kila siku, kwa hiyo malazi ya karibu na hospitali yatafutwe kwa wiki moja au mbili. Safari ya kurudi isipangwe mpaka daktari airuhusu. Kukaa kwenye kiti saa nyingi huweza kugandisha damu miguuni, hivyo kila basi linaposimama ateremke, atembee na anywe maji kidogo kidogo.

6. Maandalizi ya jiko

Wiki za mwanzo chakula ni cha maji, kisha kilichosagwa, kisha laini. Cha kawaida hurudi polepole, kwa wengi baada ya wiki sita hadi nane. Pwani ina vyakula vyake: supu ya samaki iliyochujwa, maziwa, mtindi, choroko au mbaazi zilizopondwa zikapita kwenye chujio, yai laini, na changu wa kuchemsha asiye na mwiba. Pweza na ngisi hungoja, kwa kuwa ni vigumu kutafuna. Ugali wa muhogo huvimba na kunata, na wali wa nazi una mafuta mengi. Vyote viwili hurudi baadaye, kwa vijiko vichache. Korosho hupita kwa urahisi hata tumbo likiwa dogo, nazo zina nguvu nyingi, kwa hiyo zihesabiwe.

Kanuni ni chache, na familia nzima inaweza kuzijifunza. Protini huliwa kwanza, kwa lengo la gramu 60 hadi 80 kwa siku. Tonge ni dogo na hutafunwa mpaka lilainike. Maji hayanywewi pamoja na chakula, bali nusu saa baadaye, kwa mafunda madogo siku nzima. Soda na chai ya sukari nyingi huweza kuleta jasho, mapigo ya moyo ya haraka na kuhara. Kwenye sinia la pamoja mgonjwa awekewe kisahani chake, ili asiende mwendo wa wengine. Kuhusu Ramadhani, daktari aulizwe kwanza. Ramadhani ikiangukia miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, aliyepasuliwa bado ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye.

7. Ufuatiliaji

Kabla ya kusafiri, mgonjwa ajue atafuatiliwa wapi akirudi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula ndizo za kuulizia kwanza. Kwa walio upande wa Masasi, ipo Hospitali ya Ndanda. Aombe muhtasari wa upasuaji kwa maandishi, wenye aina yake, tarehe, dawa na namba ya simu ya kitengo, na nakala moja ikae kwa msaidizi. Mtoa huduma wa afya wa Msimbati au Kitaya hawezi kukisia kilichofanyika ndani ya tumbo.

Kliniki za kawaida ni za mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa 12, kisha kila mwaka. Vipimo vya damu, chuma, vitamini B12 na vitamini D havikomi, na vidonge vya vitamini haviachwi hata mtu akijisikia mzima.

Dalili za kukimbilia hospitali zibandikwe ukutani: homa, maumivu makali ya tumbo, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, kukosa pumzi, mguu mmoja kuvimba, choo cheusi, na kutapika kusikoisha. Anayetapika kwa siku kadhaa huishiwa vitamini B1, na ubongo na mishipa ya fahamu huweza kudhurika. Kwa kijiji cha mbali na lami, jina la mwenye bodaboda au gari la usiku liandikwe chini ya orodha hiyohiyo, na nauli yake iwekwe kando kabla ya siku ya upasuaji.