Barua za Bwana wa Monticello na Daftari Lake la Shamba



Mwaka 1820 mzee mmoja aliyekwisha kustaafu urais wa Marekani alipokea barua 1,267. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe, kisha akamwandikia rafiki yake John Adams kumlalamikia kwamba nyingi zilidai majibu ya kina, na zote ilibidi zijibiwe. Mzee huyo ni Thomas Jefferson. Aliweza kuhesabu kwa sababu alikuwa na daftari alimoorodhesha kila barua iliyoingia na kila iliyotoka. Alilianza Novemba 1783 akaliendeleza hadi Juni 1826, na Julai 4 mwaka huo akafariki.

Maishani mwake aliandika barua zipatazo 19,000. Tunazijua kwa sababu alihangaika sana kujiwekea nakala. Alipokuwa balozi Paris alijipatia mashine ya James Watt: karatasi nyembamba yenye unyevu hulazwa juu ya barua ambayo wino wake haujakauka vizuri, zikabanwa pamoja, na maandishi yakahamia kwenye ile nyembamba. Yanatoka kinyumenyume, kwa hiyo msomaji huigeuza karatasi na kuyasoma kwa upande wa pili. Kuanzia 1804 akahamia kwenye chombo kingine, chenye kalamu mbili zilizounganishwa kwa vijiti. Mwandishi akiisogeza moja, ya pili inaifuata juu ya karatasi ya pembeni, na barua mbili zinakamilika kwa pamoja. Akawa hataki tena kutumia njia nyingine.

Mtu anayejitaabisha hivi anajua kwamba atasomwa akishakufa. Anajua pia kipi asingependa kisomwe. Mkewe Martha alifariki 1782, na hakuna hata barua moja kati yao iliyobaki. Kwa hiyo inaelekea hazina hii tunayoisifu ilichambuliwa na mwenyewe kabla ya mwanahistoria yeyote kuigusa. Wasomaji wa tawasifu ya Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, wanaijua hali hiyo: msimulizi hodari, mambo mengi ya kweli, na mwenye kuchagua kipi kisemwe ni yeye mwenyewe.

Hata hivyo nakala zina tabia ya kumgeuka mwenyewe. Agosti 1791 Benjamin Banneker, Mweusi huru wa Maryland aliyejifunza unajimu kwa juhudi zake, alimpelekea Jefferson, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, mswada wa almanaki aliyoikokotoa mwenyewe. Pamoja nao aliweka barua ndefu ya kumuuliza, kwa adabu isiyo na woga, inakuwaje aliyeandika katika Azimio la Uhuru kwamba watu wote wameumbwa sawa anaendelea kuwafunga wenziwe utumwani. Jefferson alijibu baada ya siku chache kwa maneno mazuri, akasema ameipeleka almanaki kwa Condorcet, katibu wa Chuo cha Sayansi cha Paris. Banneker, ambaye naye aliijua thamani ya karatasi, akazichapisha barua zote mbili. Mwaka 1809, akimwandikia rafiki yake Joel Barlow, Jefferson aliidharau akili ya mtu yuleyule na kudokeza kwamba huenda alisaidiwa kupiga zile hesabu. Barua zote mbili za Jefferson tunazo, na mkono ulioziandika ni mmoja.

Mwaka 1814 kijana wa Virginia, Edward Coles, alimwomba aongoze juhudi za kuwaachia huru watumwa. Mzee alimjibu kwamba wazo ni jema ila kazi hiyo ni ya vijana, akamshauri asiwaache watu wake wala asiihame Virginia. Coles hakusikia. Mwaka 1819 alihamia Illinois, na njiani, kwenye mto Ohio, akawatangazia watumwa wake kwamba wako huru. Baadaye alichaguliwa kuwa gavana huko. Kwa maoni yangu jibu lile la Jefferson ni miongoni mwa barua zake zilizoandikwa vizuri kuliko zote, na ndiyo inayomfedhehesha zaidi.

Tuziache barua sasa, tufungue Daftari la Shamba, alimoweka kumbukumbu za watumwa wake. Humo hakuna falsafa. Kuna majina ya watu na miaka waliyozaliwa, nani kapewa blanketi mwaka huu na nani angoje, yadi za kitambaa, mgao wa samaki. Kwenye kumbukumbu za karakana ya misumari ya shamba lake la Monticello, iliyoanza 1794 na kuendeshwa na wavulana wa miaka 10 hadi 16, utakuta hesabu za chuma alichopewa kila mtoto, misumari aliyotoa, na chuma alichopoteza. Jefferson alimwandikia rafiki yake Mfaransa kwamba hesabu hizo anazisimamia mwenyewe. Katika maisha yake alimiliki zaidi ya watu 600. Alipokufa aliacha deni la zaidi ya dola 100,000, na Januari 1827 watu wapatao 130 wakapigwa mnada ili kulipunguza.

Ndani ya nyaraka hizo imo barua ya Novemba 15, 1818 kutoka Poplar Forest, shamba lake jingine, mwendo wa siku tatu kutoka Monticello. Imeandikwa kwa jina la Hannah, mtumwa aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ile. Anampa bwana pole ya ugonjwa, anamhakikishia kwamba nyumba na vyombo viko salama, kisha anamkumbusha habari za Mungu. Mtumwa anampa rais mstaafu mawaidha! Kati ya watu wote hao 600, waliopata kusikika kwa maneno yao wenyewe ni wachache mno.

Kwa nini ilichukua muda mrefu barua na Daftari la Shamba kusomwa pamoja? Mjukuu wa Jefferson alichapisha juzuu nne za barua mwaka 1829. Serikali ilinunua nyaraka mwaka 1848 na kubakiza zile ilizoziona za umma, ambazo leo ziko katika Maktaba ya Kongresi, Washington. Zilizoitwa za binafsi zilirudi kwa familia, na sehemu kubwa, pamoja na Daftari la Shamba, ikaishia katika Jumuiya ya Historia ya Massachusetts, Boston. Mwanasiasa akahifadhiwa mji mmoja, bwana wa watumwa mji mwingine. Chuo Kikuu cha Princeton kilianza kuchapisha nyaraka za Jefferson kwa ukamilifu mwaka 1950, na Daftari la Shamba likachapishwa 1953. Mgawanyo huo wa makaratasi, naamini, ulimlinda Jefferson kuliko mwandishi yeyote aliyemtetea.

Leo mgawanyo huo si kisingizio tena. Barua zimewekwa kwenye intaneti na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, na Daftari la Shamba limewekwa na Jumuiya ya Historia ya Massachusetts, bila malipo. Nawaomba wanafunzi wa idara yetu, kabla hamjaandika insha nyingine juu ya Azimio la Uhuru la 1776, fungueni vyote viwili kwa pamoja, na muanze na barua ya Hannah.