Insha na Msomaji Wake: Walimu, Matbaa na Vyombo Vipya vya Darasani



Nimepewa heshima ya kuzungumza jioni hii juu ya ufundishaji wa uandishi na vyombo vya kisasa vinavyoingia madarasani mwetu. Na kwa kuwa jambo hili lina wasemaji wengi, ambao aghalabu huanza na chombo na kumalizia na chombo, naomba ruhusa nianze na insha yenyewe, niifuate tangu inapotoka mkononi mwa mtoto mpaka inapokomea, kisha ndipo tuulize ni chombo gani kinachofaa na kwa sababu gani.

Safari hiyo, katika skuli zetu nyingi, ni fupi mno. Mwalimu huandika anwani ubaoni, mathalan siku nisiyoisahau au faida za misitu, watoto huandika, madaftari hukusanywa, mwalimu, mwenye wanafunzi sitini au themanini, husahihisha kwa wino mwekundu, hutia alama na kuyarudisha, na hapo insha imekwisha. Hapana mtu aliyeisoma kwa hamu ya kujua imesema nini. Mwalimu aliisoma akitafuta makosa, na mtoto alilijua hilo kabla hajaandika neno la kwanza, basi akaandika kwa tahadhari ya kukwepa makosa, ambayo ni kazi mbali kabisa na kusema jambo. Katika Kenya, ambako kwa miaka mingi insha ya Kiswahili katika mtihani wa darasa la nane ilikuwa na alama arubaini, mpaka mtihani ule ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, walimu hodari waliwakaririsha watoto misemo ya mapambo, methali za kufungulia na sifa za alfajiri, hata mtoto wa ghorofani ambaye hajapata kuishi na kuku akaandika jinsi alivyoamshwa na majogoo. Siwalaumu walimu wale hata kidogo. Walimtakia mtoto alama, na alama ndizo zilizomtafutia nafasi ya sekondari. Lakini alichojifunza mtoto ni kwamba kuandika ni kumridhisha msahihishaji, na fikra hiyo ikikita mizizi katika umri wa miaka kumi na mitatu, sisi wa vyuo vikuu twaikuta ingali imara katika tasnifu za shahada.

Dai langu, basi, ni kwamba chombo chochote darasani, kiwe cha zamani au cha leo, hustahili sifa katika somo la uandishi kwa kadiri kinavyompa mtoto msomaji wa kweli. Na kwamba maarifa ya kukitumia hivyo hayaenei kwa waraka wa wizara, bali kwa mwalimu kumwonyesha mwalimu mwenzake. Ushahidi wangu mkubwa nitautoa Ufaransa, kwa sababu huko jambo hili lilifanyika mwanzo wake hadi mwisho wake mbele ya macho ya watu, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa.

Mwaka 1920 kijana aitwaye Célestin Freinet, mzaliwa wa kijiji cha Gars katika milima ya kusini-mashariki ya nchi ile, alipewa darasa katika kijiji cha Bar-sur-Loup. Alikuwa amerejea kutoka vitani na jeraha la pafu alilolipata mwaka 1917 katika medani ya Chemin des Dames, na pumzi yake haikumtosha kuhutubia darasa kutwa, kama ilivyokuwa ada ya walimu wa zama zile. Ikamlazimu kutafuta namna ya kufundisha ambayo kazi ingefanywa na watoto wenyewe, si na sauti ya mwalimu. Akawa akiwatoa nje kwenda kumtazama mfumaji, seremala na mkulima wakiwa kazini, nao wakirudi wamejaa maneno. Lakini kitabu cha kusomea kilichowangoja mezani kilikuwa na habari nyingine kabisa, na maneno yale yakazimika. Mwaka 1924 akapata matbaa ndogo ya mkono.

Tafadhalini mnivumilie nieleze namna ilivyotumika, kwa maana fadhila yote imo katika utaratibu wake. Mtoto aliandika habari aliyoitaka mwenyewe: konokono aliowashindanisha mezani, ndugu yake aliyezaliwa jana, mvua iliyobomoa ukuta. Habari zilisomwa mbele ya darasa, na watoto wakapiga kura kuchagua moja. Hiyo iliyochaguliwa iliandikwa ubaoni, ikachambuliwa na wote, mwenyewe akiwapo kuulizwa maana ya hili na lile, mpaka ikakubalika. Kisha watoto walipanga herufi za risasi moja baada ya moja, kichwa chini miguu juu, wakatia wino, wakachapa. Tazameni sasa hali ya tahajia. Katika daftari, kosa la herufi ni jambo baina ya mtoto na mwalimu. Katika matbaa, kosa lile litachapwa katika kila nakala na kusomwa na kila mzazi kijijini, na mtoto aliyezembea katika imla mwaka mzima alisimama juu ya herufi zile akizikagua kwa makini ambayo hapana mkaguzi angeweza kumtia. Sarufi ilirudi darasani ikiwa na kazi ya kufanya.

Hata hivyo, kurasa zile zilizosomwa kijijini tu zingechosha kwa muda mfupi, kwani kila mtu pale alikwisha kumjua konokono na mwenye konokono. Jambo kubwa zaidi lilitokea mwaka 1926, Freinet alipoanza kubadilishana kurasa na René Daniel, mwalimu wa Saint-Philibert-en-Trégunc katika Bretagne, upande wa pili wa nchi. Watoto wa Bar-sur-Loup walikulia penye michungwa na maua ya kutengenezea manukato. Wale wa Trégunc walikulia katika pwani ya wavuvi wa bahari ya Atlantiki. Mtoto wa mvuvi hana haja ya kumweleza jirani yake namna nyavu zinavyotupwa, lakini akimwandikia mtoto wa mlimani, atarudishiwa swali. Na swali la msomaji ambaye kwa dhati anataka kujua humwonyesha mwandishi pale alipokosa kueleza, kwa usahihi ambao wino mwekundu haujapata kuufikia. Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu yote.

Na walimu wengine walioiga kazi hii je? Hawakuagizwa na yeyote. Mwaka 1927 walikutana Tours katika mkutano wao wa kwanza. Mwaka 1928 wakaunda ushirika wao wa kutengeneza na kuuziana vifaa. Walikuwa na desturi ya daftari la mzunguko: mwalimu mmoja huandika alichojaribu na kilichomshinda, akalipeleka kwa posta kwa mwenzake, naye akaongeza yake, hata daftari likarejea kwa mwenyewe limejaa mikono ya watu wengi. Wengi wao walikuwa walimu wa vijijini, wapweke, wenye mishahara midogo. Ilipoonekana kwamba matbaa ni ghali kwa skuli nyingi, walibuni kifaa rahisi cha kunakilia kwa karatasi ya nta, na uandishi haukupungua kitu, kwa kuwa wasomaji walikuwa wale wale. Freinet mwenyewe alipata misukosuko. Katika kijiji cha Saint-Paul, alikohamia baadaye, fitina dhidi ya kurasa za watoto ilimtoa katika skuli ya serikali mwaka 1933, naye akafungua yake Vence mwaka 1935. Siungi mkono kila alilosema. Vita vyake dhidi ya vitabu vya kiada, kwa mfano, havinishawishi, kwani katika darasa la watoto themanini kitabu kizuri ni himaya ya mwanafunzi na pumziko la mwalimu. Lakini katika suala la msomaji, naona haki ilikuwa upande wake.

Wala tusidhani jambo hili ni geni kwetu. Hapo Kiungani, kusini mwa Mji Mkongwe wa Unguja, miongo kadhaa kabla ya Bar-sur-Loup, vijana wa skuli ya misheni, wengi wao waliookolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa, walifundishwa kazi ya chapa, ambayo Askofu Edward Steere aliithamini hata akajifunza yeye mwenyewe. Mwaka 1888 likatoka hapo gazeti la *Msimulizi*, linalohesabiwa kuwa la kwanza la Kiswahili. Vijana waliokwisha kutawanyika kuwa walimu katika vituo vya Magila, Masasi na Newala waliandika habari za huko, na wenzao wa Kiungani wakazisoma. Misheni ilikuwa na muradi wake, na sina haja ya kuuremba. Lakini ni dhahiri kwamba vijana wale waliandika kwa sababu palikuwa na mtu mbali aliyengoja. Kadhalika *Mambo Leo*, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, ila kurasa zake zilijaa barua na mashairi ya walimu na makarani wa kila wilaya, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliotunga humo.

Leo tuna vyombo ambavyo Freinet asingeviota. Kenya ilianza kugawa vishikwambi katika skuli za msingi mwaka 2016, na nchini Tanzania vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 vimekwenda kwa walimu. Ninapopata wasaa wa kuuliza namna vinavyotumika katika somo la insha, jibu la kawaida ni kwamba vinaonyesha nakala ya kitabu kile kile cha kiada, au mwalimu anatunzia humo maandalio ya somo. Kazi hizo zina faida yake. Lakini chombo chenye uwezo wa kufikisha maandishi ya mtoto wa Micheweni, Pemba, kwa mtoto wa Kigoma katika dakika moja kimefanywa kabati.

Imeingia sasa na akili mnemba, inayoweza kumwandikia mtoto insha ya faida za misitu isiyo na kosa la tahajia. Hofu ya walimu naielewa, na sioni kwamba itaondolewa kwa marufuku. Insha isiyo na msomaji ni mzigo, na mwenye mzigo akipata wa kumbebea hana sababu ya kukataa. Bali mtoto aliyeulizwa na mwenzake wa Kigoma jinsi pweza anavyochokolewa, na ambaye baba yake ni mchokoaji, analo jambo ambalo mashine haikuliona, tena anaona fahari kulisema mwenyewe.

Nimalizie kwa ombi kwa wakuu wa vyuo vya ualimu mliopo hapa. Kila mwaka mnawapeleka wanachuo wenu katika mazoezi ya kufundisha, Unguja, Pemba na bara. Mpeni kila mmoja mwenzake wa skuli ya mbali, na mumtake akusanye habari zilizoandikwa na darasa lake, azipige picha kwa simu, azipeleke, apokee maswali, na watoto waandike upya kwa kuyajibu. Simu moja ya mwalimu yatosha. Na pasipo na mtandao, bahasha na boti la Pemba vinatosha pia. Pamoja na hayo, pawepo daftari moja katika kila kituo cha walimu, la karatasi au la simu, ambamo wataandika kilichofaulu na hasa kilichoshindwa, lisisomwe na mkaguzi kwa ajili ya kuwapima, wala lisitumiwe kupandisha wala kushusha daraja la mtu yeyote. Gharama za vifurushi vya intaneti zisiachwe juu ya wanachuo. Ziingizwe katika bajeti ya mazoezi, pamoja na nauli.