Anayefika Darasani na Anayeelewa Darasani

Mazungumzo kwa wazazi, walezi na bodi za shule katika Kaunti ya Busia, kabla ya mikutano ya wadi kuhusu mpango wa maendeleo wa mwaka



Kila mwaka mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa ufike katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kabla ya hapo wakazi huitwa kutoa maoni. Elimu haikosi kutajwa katika mikutano hiyo, na maombi huwa yale yale: lango la shule, ua, basi, darasa jingine, basari. Yote yana mahali pake. Lakini kuna swali linaloulizwa kwa nadra. Katika orodha hiyo, ni kipi kinachomfanya mtoto ajue kusoma, na ni kipi kinachompendeza tu mgeni anayepita barabarani?

Swali hilo lina majibu, na mengi yalipatikana hapa hapa nyumbani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, shule za Busia na Teso, wakati huo zikiwa wilaya mbili, zilishiriki katika majaribio mengi ya elimu. Watafiti wakishirikiana na shirika moja la misaada walizigawa shule bila upendeleo, kama watu wanaopiga kura. Hizi zilipata msaada fulani mapema, zile zikasubiri zamu yao, kisha matokeo yakalinganishwa. Mmoja wa watafiti hao, Mmarekani Michael Kremer, alitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee, na kazi ya huku ilikuwa sehemu ya sababu. Huenda mzazi aliyekuwa akisoma Funyula au Budalang'i mwaka 1998 alimeza dawa ya minyoo ya utafiti huo bila kujua kwamba darasa lake lingeandikwa vitabuni.

Jambo la kwanza lililojaribiwa ndilo ambalo kila mtu angelikisia: vitabu. Wakati huo watoto wengi walishiriki kitabu kimoja watu wanne, watano au zaidi, na wengine hawakuwa nacho kabisa. Mwaka 1996 shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu rasmi vya kiada. Kila mtu alitarajia alama zipande. Kwa wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari mbele, wanafunzi ambao hata bila kitabu wangefika mahali.

Kwa nini? Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa mtoto wa Amukura, Butula au Port Victoria, Kiingereza ni lugha ya tatu. Ya kwanza ni Ateso, Kimarachi, Kinyala, Kisamia, Kikhayo au Dholuo. Ya pili ni Kiswahili cha sokoni. Mtaala nao ulikwenda kwa mwendo wa mtoto wa mjini mwenye wazazi waliosoma. Mtoto wa kawaida alifungua kitabu kipya kizuri na hakuweza kukisoma.

Kwa hiyo mzazi anaposikia kwamba shule ya jirani imepata vitabu kwa masanduku, afurahi, lakini amwite mtoto jioni amsomee ukurasa mmoja kwa sauti. Hata mzazi asiyejua kusoma ataitambua sauti ya mtoto anayesoma na ya mtoto anayekisia.

Sera ya elimu ya Kenya inataka mtoto wa chekechea na wa madarasa matatu ya kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Shule nyingi hazifuati, na mara nyingi wazazi wenyewe ndio wanaokataa. Mama anamsifu mwalimu wa chekechea kwa kuwa mtoto wa miaka minne anakariri “good morning teacher”. Ukimwuliza mtoto huyo maana yake, anacheka. Hapa kaunti haina pa kujificha, kwa sababu Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini. Walimu wa shule za msingi na sekondari huajiriwa na TSC huko Nairobi, lakini mwalimu wa chekechea ni wa kaunti. Mkazi ana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa wadi kama mwalimu anayepelekwa Ang'urai anajua Ateso.

Jaribio jingine lilifanyika mwaka 2005. Baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo mwaka 2003, darasa la kwanza lilijaa hadi watoto 80 na zaidi mbele ya mwalimu mmoja. Shule 121 zilizokuwa na mkondo mmoja wa darasa hilo zilisaidiwa kuajiri mwalimu wa pili na kuligawa darasa. Katika shule 60 watoto waligawanywa kulingana na kiwango walichoanza nacho, na katika 61 waligawanywa ovyo. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizowagawanya kwa kiwango walikuwa mbele, na hilo lilikuwa kweli kwa waliowekwa kundi la chini pia. Wengi waliogopa kwamba mtoto wa kundi la chini angevunjika moyo. Ilikuwa kinyume: kwa mara ya kwanza mwalimu alikuwa akisema naye.

Walimu hao wa pili walikuwa wa mkataba, wakiajiriwa na kamati za wazazi, na walipatikana darasani mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa kudumu. Yafaa kusema haki: mwalimu wa kudumu hubebeshwa mikutano, fomu na safari ambazo wa mkataba hana. Kuna pia sehemu ya hadithi hii ambayo ni chungu kwa ofisi yoyote ya umma, ya kaunti ikiwemo. Kuanzia 2010 mpango kama huo ulijaribiwa katika mikoa yote minane ya wakati huo. Walimu wa mkataba waliosimamiwa na shirika lisilo la serikali waliinua alama. Waliosimamiwa na serikali hawakuinua chochote. Cheo kilikuwa kile kile na darasa lile lile. Tofauti ilikuwa katika usimamizi, na katika mshahara uliochelewa kufika. Kwa hiyo wakazi wanapoomba walimu zaidi wa chekechea, waulize katika sentensi iyo hiyo mshahara utalipwa tarehe ngapi na nani atakayepita kukagua.

Tuje kwenye dawa za minyoo. Kuanzia 1998, shule 75 za Funyula na Budalang'i, zenye watoto zaidi ya 30,000, zilipewa dawa kwa awamu. Kwa watu wa kando ya ziwa na Mto Nzoia, minyoo na kichocho ni maradhi ya mazoea kiasi kwamba tumbo la mtoto likiuma hakuna anayeshtuka. Katika shule zilizotibiwa, utoro ulipungua kwa angalau robo. Alama za mtihani hazikupanda kwa haraka, na watafiti walilisema hilo wazi. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizipitia upya hesabu hizo na ubishi ukawa mkali. Hata hivyo, waliofuatiliwa kwa miaka 20 walionekana kupata kipato kikubwa kidogo kuliko wenzao. Kuanzia 2009 serikali ya kitaifa ilianza kugawa dawa hizo shuleni, na bado kuna mzazi anayemficha mtoto nyumbani siku ya dawa kwa kuwa amesikia uvumi.

Mtoto akikosa Jumatatu kwa sababu ya soko, Jumatano kwa tumbo na Ijumaa kwa kutumwa karo, amebakiwa na siku mbili. Huko Bunyala huongezea wiki za mafuriko. Kule Malaba na mjini Busia, mpaka wenyewe ni mtego, kwa kuwa mvulana wa darasa la saba anaweza kupata shilingi mia kadhaa kwa siku moja ya kusukuma mizigo, na pesa hizo anaziona, ilhali faida ya hesabu za sehemu haioni. Anayemtoa mtoto huyo shuleni mara nyingi si mkora. Ni mjomba mwenye baiskeli na njaa nyumbani.

Vitu vidogo humrudisha. Kuanzia 2003, katika utafiti wa shule 328 za magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa madarasa ya juu ya msingi walipewa sare bure. Walioacha shule wakapungua, na wasichana waliopata mimba na kuolewa mapema wakapungua pia. Sare ni shati na sketi tu, lakini kwa msichana wa miaka 14 ambaye sketi yake imechanika, ndiyo tofauti kati ya kuingia lango na kurudi nyumbani.

Kisha basari, ambayo ndiyo huleta kelele kuliko yote. Mwaka 2001 wasichana wa darasa la sita waliofanya vyema waliahidiwa shilingi 500 za karo zilizolipwa shuleni na shilingi 1,000 za vifaa kwa familia, kwa kila mwaka katika miaka miwili, pamoja na kutambuliwa mbele ya umma. Upande wa Busia alama za wasichana zilipanda. Wavulana, ambao hawakuwa na cha kushinda, walipanda nao, na walimu wakaongeza kuhudhuria. Upande wa Teso imani ya wazazi ilivunjika mapema, shule kadhaa zikajitoa, na matokeo hayakuwa wazi. Fedha zile zile, masharti yale yale. Basari isiyoaminiwa haifanyi kazi, na basari inayogawanywa gizani haiwezi kuaminiwa. Kubandika majina ya waliopata kwenye ukuta wa ofisi ya wadi hakugharimu zaidi ya karatasi na gundi.

Kwa vyuo vya ufundi, maneno machache. Kuanzia 2008 vijana zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa watoto wale wale waliotoka kwenye utafiti wa dawa za minyoo, waliingizwa katika mpango ambao nusu yao walipewa hati za kulipiwa mafunzo ya ufundi. Kabla ya kuchagua, baadhi walielezwa mapato halisi ya kila fani. Wasichana walikuwa wamezoea kudhani ushonaji na ususi ndio mlango wao pekee. Walioelezwa kwamba fundi wa magari au wa umeme hulipwa zaidi walielekea zaidi kuzichagua kazi hizo. Hakuna aliyewajengea jengo jipya, waliambiwa tu ukweli kabla ya kujaza fomu. Chuo cha kaunti kinaweza kufanya hivyo kila msimu wa usajili, kwa kuwaalika wahitimu wake waje waseme wanapata kiasi gani na walianzaje.

Mkutano wa wadi ukifika, basi, orodha ya maombi inaweza kubaki na lango. Juu ya lango yaandikwe haya: mwalimu wa chekechea anayejua lugha ya watoto na anayelipwa kwa wakati, uji wa saa nne, na orodha ya basari ukutani. Na bodi ya shule ije na kitu kimoja ambacho huwa hakiletwi mkutanoni, nacho ni rejista ya mahudhurio ya muhula uliopita. Ifunguliwe hapo mbele ya wazazi, zihesabiwe siku za Jumatatu ambazo darasa la nne lilikuwa nusu, na aulizwe chifu, mwalimu na mwenye duka sokoni ni nani aliyewaona watoto hao na walikuwa wapi.